Barabara Mbili za Kinu

Jumanne, 2 Oktoba 2018

Skana ya Delmar, ile redio yake ya kusikilizia vikosi vya dharura, imekufa. Haijaharibika — imekosa la kusikia tu. Kaunti imehamia mtambo mpya wa redio tangu jana, na kile kisanduku kilichokaa juu ya friji miaka nenda miaka rudi sasa kinakoroma: shhhh, basi. Delmar alikigonga kwa kiganja. Akakigonga tena. Kisha akakaa na kahawa yake akitazama dirishani kama mtu aliyefiwa.

Namwonea huruma. Alipokuwa kapteni wa zimamoto hapa Harrow, ving'ora vikilia alikuwa ameshavaa buti kabla mimi sijafumbua macho. Tangu alipopasuliwa moyo hawezi tena kupanda lile gari. Amebakiwa na masikio. "Nikijua nani ametoka na nani amerudi, roho inatulia," huniambia. Sasa hata hilo wamemnyang'anya.

Nimemwambia tutanunua mpya. Akasema hizi za siku hizi si za kuzungusha kitufe, mpaka uzisomee. Nikamwambia, "Delmar Stoltz, mimi nimewapikia watoto wa shule nzima kwa sufuria mbovu. Kisanduku ndicho kitanishinda?"

Akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Jumamosi, 6 Oktoba

Imefika! Ndogo kuliko nilivyodhani, ina kioo chenye maandishi madogo kama sisimizi. Delmar hata kwa miwani hayasomi. Kitabu chake cha maelezo ni kinene kama Biblia na hakina faraja hata ukurasa mmoja.

Nimekaa nacho tangu asubuhi, kebo imechomekwa kwenye kompyuta. Nadhani nimeelewa, ngoja nijieleze mwenyewe. Zamani kila kikosi kilikuwa na masafa yake, kama nyumba na anwani yake. Sasa vikosi vyote vya kaunti vinachangia masafa machache, na mtambo mkuu ndio unaogawa: nyie semeeni hapa, nyie hameni pale. Watu wanahamishwa hata katikati ya mazungumzo! Kwa hiyo kila kikosi kimepewa namba ya kundi. Skana inasikiliza kwanza chaneli ya kuongozea, inaambiwa kundi fulani limepelekwa masafa fulani, nayo inarukia huko huko. Kazi yangu ni kuiandikia chaneli ya kuongozea, kisha namba za makundi, kisha jina la kila namba. Jina ukilikosea hutajua. Utasikia vizuri tu — ila hutajua unamsikia nani.

Polisi wao wamejifungia kwa siri, hawasikiki kabisa. Afadhali. Sitaki ugomvi wa wake na waume zao.

Saa nzima nimepoteza kwa sababu kebo ilikuwa haijaingia sawasawa. Ningeitupa kwa kuku wa jirani.

Jumapili, 7 Oktoba

Tumetoka kanisani, nimerudi kwenye kompyuta hata kofia sijavua. Chaneli ya kuongozea imeshika. Sauti zimeanza kuja — Delmar alisimama mlangoni na taulo begani, anasikiliza kama mtu anayesikia muziki wa ujana wake.

Yakabaki majina. Nikiwa katikati ya kuyaandika rafiki yangu Coralie akapiga simu. Coralie Betz huwezi kumwambia ngoja. Nikabana simu kwa shingo huku nachapa kwa kidole kimoja. Habari zake zote ni mwanawe Rudy. Rudy amepaka rangi ile nyumba yake ya Barabara ya Kinu. Rudy amepandishwa cheo kwenye kiwanda cha mbao. Rudy amenunua zulia! "Verna, mwaka umepita na zaidi," akasema, sauti imeshuka. "Sasa nalala bila kuweka simu kifuani." Nikamwambia Mungu mkubwa. Nilimaanisha. Bado naikumbuka ile siku Delmar na wenzake walipomkuta Rudy kwenye sakafu ya bafu, midomo ya buluu, na sindano ya dawa za kulevya pembeni.

Nilipokata simu majina yote yalikuwa yameingia. Delmar akauliza, "Umeyakagua? Kila namba na jina lake?"

"Nimeyakagua."

Nitayakagua kesho.

Jumatano, 10 Oktoba

Raha tupu. Leo nimejua moto wa zizi la Hostetter kabla ya Hostetter mwenyewe, maana alikuwa mjini kununua misumari. Dukani mwenye duka aliniuliza, "Mama Stoltz, king'ora cha asubuhi kilikuwa cha nini?" Nikamweleza. Wanawake wawili waliokuwa kwenye kaunta ya nyama wakasogea. Miaka yote nimekuwa mke wa kapteni, wa kuulizwa, "Delmar anasemaje?" Leo nimeulizwa mimi.

Delmar alinisikia nikimsimulia Coralie kwenye simu. Baadaye akasema, bila ukali, "La redioni hubaki jikoni, Verna. Watu wale wako kwenye siku yao mbaya kuliko zote."

Nikasema ndiyo. Nikaona amezidisha.

Yeye hasomi kile kioo. Anakaa kitini mwake amefumba macho, anawajua wote kwa sauti. "Huyo ni Clayton. Huyo mtoto wa Clayton. Huyo wa ambulensi ana mafua."

Sijayakagua majina. Kwani si inasema vizuri?

Alhamisi, 18 Oktoba

Siwezi kuandika. Coralie yuko chumba cha upasuaji. Ee Mungu. Nimefanya nini.

Ijumaa, 19 Oktoba

Yuko hai. Nyonga imevunjika mahali pawili, mtulinga, mbavu. Ameamka, amemwona Rudy.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujidanganya. Tayari nimeshaanza. Asubuhi nikiosha uso nilijikuta nasema: mtu yeyote angefanya vile. Si kweli.

Ilikuwa alasiri. Delmar alikuwa nje anakusanya majani. Mimi namenya tufaha za kupika siagi ya tufaha, ile jemu nzito ya mkate, bomba la maji linatiririka. Skana ikalia. Nikatazama kioo: ZIMAMOTO HARROW. Dada wa kituo cha simu za dharura akasema: Barabara ya Kinu, mwanamume, sakafuni bafuni, hapumui. Namba ya nyumba sikuisikia kwa ajili ya maji. Lakini niliihitaji? Barabara ya Kinu. Mwanamume. Sakafu ya bafu. Sikufunga hata bomba.

Nilimpigia Coralie kazini kwake, kwenye duka la mikate. "Coralie," nikasema, "nenda kwa Rudy. Wameitwa. Hapumui."

Hakulia. Hakuuliza kitu. Nilisikia tu kengele ya mlango wa duka, kama mteja anatoka.

Na hili sijamwambia mtu: nilipoinua simu, moyo ulikuwa unadunda kwa hofu, ndiyo, lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya hofu. Nilitaka niwe wa kwanza. Sikutaka amsikie Clayton wala mchungaji. Nilitaka anisikie mimi. Kama zawadi!

Delmar akaingia kunywa maji. Akafunga bomba. Akasikiliza. Nikamwambia Rudy amerudia, nimeshampigia mama yake. Akainua mkono ninyamaze.

"Huyo anayesema ni Wendell Krick," akasema.

"Ndiyo, wamekwenda Barabara ya —"

"Wendell ni wa Cutler, mji wa jirani, Verna. Na Cutler nao wana Barabara ya Kinu." Akaichukua skana, akaisogeza mpaka puani akisoma. "Imeandikwa Harrow. Kwa nini imeandikwa Harrow? Uliyakagua?"

Alishajua.

Nikampigia Coralie — inaita tu. Tena. Inaita tu. Nikampigia Rudy, nimekosea namba mara ya kwanza. Akapokea! Misumeno inanguruma nyuma yake. "Halo? Mama Verna? Kuna nini?" Sauti nzima, ya mtu mzima mwenye afya, mdomoni anatafuna kitu. Delmar akanipokonya simu.

Delmar akiwa bado anazungumza na Rudy, skana ikalia tena. Kioo kikasema ZIMAMOTO CUTLER. Lakini sauti ilikuwa ya Clayton Ebersole, kapteni wetu, ninayemjua tangu akila kwenye mstari wangu shuleni. Gari limetoka barabarani kwenye kona ya daraja la mawe. Gari la kijani. Mwanamke, peke yake, amebanwa.

Delmar akaweka kiganja kwenye mlango wa friji, akainamisha kichwa. Rudy bado yuko kwenye simu. Tulimsikia anaita, "Mzee Delmar? Mzee Delmar? Hiyo ni gari ya mama?" Alikuwa amesikia skana yetu kupitia simu.

Tulisikiliza mpaka wakamtoa. Kila neno. Namba mbili zinazofanana, nimezigeuza majina. Basi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Tumetoka hospitalini. Coralie amelala kwa dawa. Kwenye korido walikuwapo Rudy na Clayton, Clayton bado na suruali ya kazi. Rudy amevimba macho. Akaniuliza moja kwa moja, hana hata salamu: "Mama amesema ni wewe uliyempigia. Nani alikwambia ni mimi?"

Nilifungua mdomo. Delmar akatangulia.

"Mimi," akasema. "Skana niliipanga mimi, majina nikayageuza. Nikamwambia Verna ni Rudy, mpigie mama yake. Yeye alitii tu."

Clayton alimtazama. "Kapteni, wewe ndiye uliyetufundisha hapa," akasema. "La redioni hubaki jikoni."

"Najua nilichowafundisha."

Rudy aligeuka akaenda kwenye mashine ya kahawa akasimama pale, hakununua.

Na mimi? Mimi nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na doa la tufaha.

Kwenye gari nikamwambia, "Kwa nini umefanya vile?" Delmar anaendesha, macho barabarani. "Mimi nina akiba ya heshima mji huu," akasema. "Naweza kuitumia kidogo. Wewe una Coralie tu."

Nikalia. Nilidhani nalia kwa uchungu wa Coralie. Nusu yake ilikuwa ahueni. Naiandika hapa, ahueni.

Jumapili, 21 Oktoba

Sijaenda kanisani. Nimesema kichwa.

Yule mtu wa Cutler, aliyekuwa sakafuni kweli — leo ndiyo nimemkumbuka. Amefariki. Mzee aliyeanguka akioga. Nilisikia mtu anakufa, na kwa siku hizi zote sijajiuliza hata jina lake.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimeyarekebisha majina. Kazi ya dakika chache. Nimeyasoma moja moja kwa sauti, kidole kwenye namba. Sasa kila kitu kiko sawasawa kabisa, na hakuna anayesikiliza. Delmar hajaiwasha tangu Alhamisi. Anakaa kitini mwake pale pale, amefumba macho, kimya.

Majirani wanaleta chakula. Kwangu! Bibi Hostetter ameleta bakuli la kuku na tambi, akanishika mkono: "Pole, Verna. Umemwamini mumeo, ungefanyaje." Akashusha sauti, maana Delmar alikuwa sebuleni. "Wanaume wakistaafu wanakuwa hivi. Wanatafuta kuonekana."

Nikasema asante kwa chakula.

Tumekila. Kilikuwa kitamu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Delmar aliongeza.

Jumapili, 28 Oktoba

Kanisani leo. Tumekaa benchi letu. Wakati wa kupeana amani watu walinyoosha mikono kwangu juu ya mapaja ya Delmar, kama yeye ni mto wa kiti. Baada ya ibada mlangoni, Harlan Groff, ambaye Delmar alimtoa kwenye trekta lililopinduka, akamwambia kwa kicheko, "Vipi Kapteni, masikio yanafanya kazi siku hizi? Au nikununulie ya mpira?" Wengine wakacheka. Delmar naye akacheka, cha kutoka puani.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Harlan akanigusa bega: "Samahani Mama, si kwako."

Jumanne, 30 Oktoba

Clayton amekuja. Hakuketi. Jumanne jioni ndiyo siku ya Delmar kuwafundisha wapya kituoni — kuunganisha mipira ya maji, kupanda ngazi, kumfunika mtu asitazamwe na watu. Clayton alizungushazungusha kofia mkononi. Akasema vijana wanauliza maswali. Akasema labda apumzike kwanza mpaka mambo yapoe. Na ile karamu ya nyama ya nguruwe ya kikosi, Jumamosi ya wiki ijayo — mtu mwingine atakata nyama mwaka huu.

"Ni sawa," Delmar akasema. "Kisu kile kinataka kunolewa. Mwambie asikinoe kwa mashine."

Clayton alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi za baraza. Nilikuwa nalo neno tayari. Akageuka: "Ndiyo, Mama Verna?"

"Msalimie mama yako," nikasema.

Jumatano, 31 Oktoba

Leo ndio usiku wa watoto kuomba peremende mlango kwa mlango; wamepita na vinyago vyao. Delmar amezima taa ya baraza mapema.

Jumamosi, 3 Novemba

Nimekwenda kumwona Coralie. Wamemhamishia nyumba ya mazoezi, anajifunza kusimama. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe mizizini, maana mimi ndiye ninayempaka rangi na sikuwapo. Nilimpelekea chupa ya siagi ya tufaha, kisha nikakumbuka imetokana na tufaha zipi. Nikamwachia tu. Ningesema nini?

Alifurahi kuniona. Hilo lilinishinda. Alinisogezea kiti kwa mguu mzima.

"Unajua nini mwenzangu," akasema, "nilipokuwa naendesha sikuwa namwomba Mungu amponye. Nilikuwa nasema, basi, basi, imeisha. Kama mtu aliyetua mzigo. Mama gani anafikiri hivyo?" Akafuta macho kwa shuka. "Sijamwambia Rudy. Namwambia nani ila wewe?"

Nikamshika mkono.

"Mwambie Delmar nimemsamehe," akasema. "Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilimwita majina mbele ya wauguzi. Lakini alishawahi kunirudishia mwanangu, siwezi kumchukia mara hii moja. Wewe sina la kukusamehe. Wewe ulikuwa mjumbe tu, na mjumbe hauawi."

Nikasema, "Coralie."

"Mm?"

Msichana wa mazoezi akaingia na kile kitembezi cha chuma. Haya Bibi Betz, twende kazi! Coralie akaanza kujiinua, meno yameuma mdomo. Nikamsaidia upande mmoja. Alikuwa mwepesi. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka huku nikimpungia.

Si yule msichana aliyenizuia. Angenisubiri kama ningemwomba.

Jumatano, 7 Novemba

Nimemwambia Delmar nitasema. Tulikuwa tunakunja shuka, kila mtu na ncha zake.

"Utamwambia nani?"

"Wote. Coralie. Rudy. Clayton."

Akaendelea kukunja. "Ungesema siku ile kwenye korido, ningekaa kando. Sasa umekula chakula chao, umepokea pole zao. Ukisema leo, hutakuwa umekosea namba tu. Utakuwa umemwacha mumeo achekwe kanisani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wapya ngazi ipi imeoza. "Na mimi nitakuwa nimewadanganya watu wangu usoni. Badala ya mjinga mmoja tutakuwa waongo wawili. Acha, Verna. Inapoa."

"Wewe unapoa," nikamwambia. "Huwashi hata redio."

Akachukua shuka kutoka mikononi mwangu, akalipeleka kabatini.

Kinachoniuma si kwamba amekosea. Ni kwamba nilifurahi alipokataa. Nilibishana naye kidogo, kiasi cha kujionyesha mwenyewe kwamba nilibishana.

Jumamosi, 10 Novemba

Leo ndiyo karamu ya kikosi. Mchana mzima upepo unaleta harufu ya nyama kutoka kituoni. Delmar alishindwa kukaa ndani, amechukua gari kwenda kununua mbegu za ndege. Ndege tunao wangapi! Zile za wiki iliyopita bado ziko gunia zima.

Haukupita muda, Rudy akagonga. Ameleta kuni, mabaki ya kiwandani, amezipanga vizuri chini ya baraza bila kuombwa. Nikamkaribisha jikoni. Amevaa shati safi, alikuwa anakwenda kwenye karamu. Akavua kofia, akaketi, akatazama juu ya friji palipo na skana iliyozimwa.

Nikampa pai. Hakuigusa.

"Mama Verna," akasema, "nimekuja kuuliza kitu. Nimekifikiria sana."

"Uliza."

"Mzee Delmar ndiye aliyenipulizia pumzi kwenye ile sakafu. Alikuja kunitazama kila siku kule kwenye matibabu, alikuwa ananiletea magazeti ya uvuvi na mimi sivui. Mpaka leo kila Ijumaa ananipeleka kwenye mkutano wetu wa walioacha dawa, anakaa ndani ya gari ananisubiri. Siku moja nilimuuliza, Mzee, hujawahi kuogopa kwamba nitarudia? Akasema, 'Kila nikisikia redio ikitaja barabara yenu, nasema huyo si Rudy. Nasema si Rudy mpaka nione kwa macho.'"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Nilianza kukausha sahani iliyokwisha kauka.

"Mtu kama huyo," akasema Rudy, "amesikia Barabara ya Kinu, bila hata kungoja namba ya nyumba, akasema ni Rudy, mpigie mama yake? Na Wendell Krick anazungumza mle mle, Wendell ambaye Mzee anaijua sauti yake hata akikohoa?"

Nikasema, "Watu huchanganyikiwa, Rudy."

"Ndiyo," akasema. Akanitazama. Ana macho ya mama yake, ya kijivu, hayana ukali hata akitaka. "Mtu aliyesikia akaamini ni mimi, simlaumu kwa namba. Namba ni namba. Nataka kujua tu alifikiri kwa muda gani. Kabla ya kuamini. Dakika? Nusu dakika?"

Sikufikiri kabisa. Hilo ndilo jibu, na lilikuwa limekaa mezani kati yetu kando ya pai. Nilimpikia mtoto huyu chakula cha mchana toka ana mapengo. Nimesali kwa jina lake kila Jumapili mwaka mzima. Na lilipokuja neno "bafu" nilimzika papo hapo, bila hata kufunga bomba. Namba niliikosea kwa uvivu. Rudy sikumkosea kwa uvivu. Kumbe muda wote nilikuwa namngojea afe.

"Kahawa," nikasema. "Ngoja niteleke kahawa."

Akainuka taratibu, akavaa kofia. "Nitamsubiri Mzee barazani," akasema. "Nitamuuliza yeye. Akiniambia tena ni yeye, nitakwenda zangu kwenye karamu, na sitauliza tena maisha yangu yote."

Yuko nje sasa. Namwona mgongo kupitia wavu wa mlango, ameketi kwenye ngazi, mikono kati ya magoti. Mimi niko mezani na daftari hili. Birika sijaliweka hata juu ya jiko. Nilisema nitaandika sentensi moja tu nitulie.

Gari la Delmar limekata kona kwa Hostetter, nalijua kwa ile gia ya pili. Linaingia uani. Akishuka tu Rudy atamuuliza, na Delmar atajibu bila kusita, atasema mimi, mimi ndiye, mikono imejaa mbegu za ndege, na Rudy atampa mkono na kuondoka, na itakuwa imeisha. Itapoa. Coralie atarudi nyumbani. Nitampaka rangi nywele.

Injini imezima. Rudy amesimama.

Mlango wa gari umefunguliwa. Delmar anacheka, anasema, "Kuni zote hizi za nini, kijana, unadhani tunaishi Alaska?" Rudy hajacheka. Amesema, "Mzee, nina swali."

Kutoka hapa mpaka barazani si mbali. Bado naandika. Kwa nini bado naandika? Weka kalamu chini, Verna.